Fulana Kuukuu, Blanketi Jipya: Uliza Kabla ya Kukata

Mpenzi msomaji, kabla hujaendelea kusoma, hebu inuka ukafungue kabati. Sio ule upande wa nguo za ofisini zilizonyooka kwa pasi. Nenda kwenye ile droo ya chini, au lile begi la juu ya kabati ambalo halijashushwa tangu mhamie. Umeona? Fulana ya chuo iliyolegea shingo. Fulana ya kampeni za uchaguzi uliyopewa bure, na wala hukumbuki kama mgombea mwenyewe alishinda. Fulana ya kamati ya harusi ya rafiki yako, wakati ndoa yenyewe ilishavunjika. Huzivai. Kuzitupa huwezi. Na mwenzio naye ana begi lake kama hilo.

Mwaka huu niliamua kuzikusanya zote, zangu na za mume wangu, nizipeleke kwa fundi atushonee blanketi moja la viraka. Nilidhani maandalizi yake ni kufua, kupiga pasi na kukata. Kumbe sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa mazungumzo ambayo sisi wawili tulikuwa tunayakwepa tangu tuoane. Nitakupa hatua zote ili na wewe ukitaka ufanye, lakini kwanza nikusimulie nilivyoharibu.

Tambara la deki

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tatu, mvua za Dar es Salaam unazijua. Maji yaliingia sebuleni kwa chini ya mlango. Nikakimbilia kwenye begi la nguo kuukuu, nikachomoa fulana ya kwanza niliyoishika, nyeupe iliyokwisha kuwa rangi ya chai, nikadekia. Maji yalipoisha nikaitia kwenye ndoo yenye klorini, nikaendelea na shughuli zangu. Nisije nikamsingizia dada wa kazi. Ni mimi mwenyewe.

Mume wangu aliporudi jioni aliikuta kwenye ndoo. Aliitoa, akaisuuza, akaikamua taratibu, akaianika kwenye kamba. Hakusema neno. Siku hiyo hakula.

Baada ya siku mbili ndipo akauliza, "Ile fulana uliitoa wapi?" Na mimi, kwa mdomo wangu huu uliosomea mawasiliano chuo kikuu miaka mitatu, nikamjibu, "Kwani si tambara tu?"

Mwenzangu, kuna maneno ukishayatoa huwezi kuyarudisha hata ukipiga magoti. Nyumba ilipoa. Salamu zilikuwepo, chakula kilipikwa, mtoto alipelekwa shule, lakini maongezi yaliisha. Wiki ya pili nikampigia simu mama mkwe kumuulizia hali, nikagusia. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia, "Mwanangu, ile ni ya mdogo wake."

Shemeji yangu huyo sikuwahi kumwona. Alifariki kwa ajali ya pikipiki mwaka 2015, miaka mitatu kabla ya harusi yetu. Baada ya arobaini, nguo zake zilipogawiwa kwa ndugu kama ilivyo desturi, mume wangu aliacha suruali nzuri, aliacha viatu, akachukua fulana moja tu: ya mahafali ya kidato cha sita, mgongoni ina majina ya darasa zima. Ndiyo niliyodekia.

Viraka si umaskini

Wazo la blanketi lilinijia kwa mwenzangu wa kazini aliyesoma Marekani. Kitandani kwake nililiona moja, limeshonwa kwa fulana zake za shule na za timu. Kule ni jambo la kawaida: kijana akimaliza shule, mzazi anapeleka fulana zake kwa mshonaji, zinageuka blanketi la kwenda nalo chuoni. Wenyewe wanaliita kwilti.

Lakini usidhani ni mambo ya vijana na timu tu. Katika kijiji cha Gee's Bend, jimbo la Alabama, wanawake Weusi wamekuwa wakishona mablanketi ya viraka kwa vizazi kadhaa, mara nyingi kwa nguo za shambani zilizochakaa. Mwaka 1942 mmoja wao, Missouri Pettway, alifiwa na mumewe. Alichukua nguo za kazi za marehemu akazishona blanketi la kujifunika. Leo mablanketi ya kijiji kile yanatundikwa kwenye makumbusho makubwa ya sanaa.

Na tarehe 11 Oktoba 1987, jijini Washington, lilitandazwa kwa mara ya kwanza Blanketi la Kumbukumbu ya UKIMWI, wazo lililoanzishwa na Cleve Jones wa San Francisco. Siku hiyo lilikuwa na vipande 1,920, kila kimoja futi tatu kwa sita, kiasi cha ukubwa wa kaburi. Familia na marafiki walishonea humo majina, picha, na nguo zenyewe za wapendwa wao, fulana zikiwemo.

Sisi kwetu kiraka tumezoea kukionea aibu. Mtoto akivaa kaptura yenye kiraka, mama anasemwa. Lakini niliposoma habari hizo nikajiambia: basi nimepata njia ya kuomba msamaha. Nitaitoa ile fulana kwenye kamba, niikate, niiweke katikati ya blanketi, nimfanyie mume wangu sapraizi.

Ona kosa langu la pili linavyokuja.

Hesabu ya kitanda

Tuanze na vipimo, maana hapa ndipo wengi wanapokwama. Kitanda chetu ni kile cha tano kwa sita, yaani inchi 60 kwa 72. Ukitaka kila kiraka kitoke inchi 15 baada ya kushonwa, kikate inchi 15 na nusu, kwa sababu mshono unakula robo inchi kila upande. Viraka vinne kwa upana vinakupa inchi 60. Vitano kwa urefu vinakupa inchi 75. Jumla viraka 20. Ukitaka blanketi lishuke kidogo pembeni ya godoro, mwambie fundi azungushe pindo la kitambaa cha inchi tano kila upande, unapata 70 kwa 85.

Viraka 20 havina maana fulana 20. Fulana yenye picha mbele na maandishi mgongoni inakupa viraka viwili. Ya mwanamume, saizi kubwa, inatoa kiraka cha inchi 15 na nusu bila shida. Zile zetu za kina dada za kubana na za watoto hazifiki, kwa hiyo hizo unazungushia kitambaa kingine mpaka zitimie.

Nilikata kadibodi ya boksi la televisheni, mraba wa inchi 15 na nusu, nikawa naiweka juu ya kila fulana kuona maandishi yanaingia au yanakatwa. Hiyo kadibodi ni rafiki yako. Usiku mmoja mume wangu akiwa safarini nilizimwaga fulana zote kitandani, na hapo ndipo nilipokaa chini.

Ilikuwepo fulana ya darasa letu la Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, Mwanza, mwaka 2011. Ilikuwepo ya kampeni ya Malaria Haikubaliki, ile iliyozinduliwa mwaka 2010. Ilikuwepo ya Kilimanjaro Marathon ya 2017. Tulikwenda Moshi kwa mbwembwe, tukatembea zile kilomita tano huku tukila miwa, na njiani mume wangu, wakati huo mchumba, akaniuliza kama nitakubali kwenda kwao. Ilikuwepo ya bluu ya Taifa Stars ya 2019, mwaka tuliorudi AFCON baada ya miaka 39. Na ilikuwepo moja yake kubwa isiyo na maandishi yoyote, niliyoivaa miezi yote ya mwisho ya ujauzito kwa sababu hakuna kingine kilichonipita tumboni.

Nikagundua kitu. Zangu nilikuwa najua hadithi ya kila moja. Zake, nusu yake sikujua zimetoka wapi. Miaka yote hiyo tunalala kitanda kimoja.

Fundi na swali lake

Nilipeleka mzigo kwa fundi wetu Sinza, mzee mmoja mwenye cherehani ya miguu na miwani iliyofungwa uzi. Alipozipitia akaanza kunifundisha.

Kwanza, akasema, fulana si kama kitenge. Inavutika, na ukiikata kingo zinajikunja. Ukishona hivyo hivyo, blanketi litakuwa na mawimbi kama bahari ya Kigamboni. Dawa yake ni kile kitambaa chepesi chenye gundi upande mmoja, kinachobandikwa kwa pasi, ambacho mafundi wanaweka ndani ya kola ya shati. Kinabandikwa nyuma ya fulana kwanza, ndipo mraba unakatwa. Kwa hiyo nyumbani wewe usikate mraba. Toa mikono tu, fungua mabega na mbavu, tenganisha mbele na nyuma.

Pili, usifulie yale maji ya kulainisha nguo yenye harufu nzuri. Yanaacha utando, na gundi haishiki vizuri. Sabuni ya kawaida inatosha.

Tatu, sindano. Kwa fulana inatakiwa yenye ncha butu kidogo, inayopenya katikati ya nyuzi bila kuzikata. Ile kali inaacha vitundu, na vitundu hivyo vinakua kila ukifua.

Nne, joto. Mablanketi ya Marekani huwekwa tabaka la pamba katikati. Kwa Dar es Salaam, alisema, "Mama, mtaamka mmeiva." Tukakubaliana bitana ya khanga peke yake, doti mbili, bila pamba. Kama unaishi Mbeya, Njombe au Arusha, mwezi wa sita utaihitaji ile pamba, au blanketi jepesi kuukuu liwe katikati.

Akafika kwenye fulana ya shemeji. Nilikuwa nimeifunga peke yake kwenye mfuko. Akaigeuza. Mbele klorini ilikuwa imeila, ina matundu matatu. Mgongoni majina bado yanasomeka. Nikamweleza kwa ufupi, nikamwambia hiyo ndiyo ya katikati, ni sapraizi ya mume wangu.

Aliweka mkasi chini. Akaniuliza, "Mwenye fulana anajua?"

Nikasema hapana, ndiyo maana inaitwa sapraizi.

"Basi hii irudi nayo nyumbani. Suruali nikikosea nainunua. Hii nikishaikata, nimeikata. Nenda kamuulize, halafu njoo."

Nilikasirika, sitaficha. Nilijiona mteja anayefukuzwa na hela yake mkononi. Nilipofika kwenye kituo cha daladala hasira zikaisha, nikabaki na aibu. Yule mzee alikuwa amenizuia nisiitie mkasi fulana ambayo nilishaidekia. Mara ya kwanza sikuuliza kwa sababu sikujua. Mara hii nilijua, na bado sikutaka kuuliza, kwa kuwa niliogopa jibu.

Usiku wa maongezi

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Hawakusema ni rahisi.

Mtoto alipolala niliuweka ule mfuko mezani, nikasema mambo matatu tu. Kwamba niliongea na mama. Kwamba nilikosa, kudekia na kujibu vile. Na kwamba nilitaka kuishonea kwenye blanketi bila kumwambia, fundi akakataa.

Alikaa kimya muda mrefu mpaka nikajuta. Kisha akaitoa, akaanza kunionyesha yale majina kwa kidole. Huyu sasa ni daktari. Huyu alikuwa anaishi kwao likizo zote. Huyu ndiye aliyepiga simu siku ile ya ajali. Jina la mdogo wake lilikuwa safu ya pili, la nne kutoka chini. Aliongea mpaka saa saba usiku. Nilimsikia akicheka kwa vituko vya mtu ambaye mimi namjua kwa picha ya ukutani tu.

Nikamuuliza, "Tuiweke?"

"Hapana," akasema. "Ile iache. Kuna siku bado naivaa."

Sikujua. Kumbe kila mwaka, tarehe ya msiba, huamka mapema, akaivaa, akakaa nje kibarazani kabla sisi hatujaamka. Mimi nilikuwa nadhani ni joto linamtoa.

Msomaji wangu, nilikuwa nimeshapanga blanketi zima kuizunguka fulana hiyo. Nilitaka hata ipendeze, nikubali, ili msamaha wangu uonekane. Lakini msamaha unaomwomba mtu akupe kitu chake cha mwisho ni kumwongezea deni tu. Imekunjwa, ipo droo ya juu, upande wake. Matundu matatu yapo, na hajaniambia kwamba yamesahaulika. Ila tunaongea.

Kesho yake yeye ndiye aliyemwaga tena fulana kitandani. Tukazipanga pamoja. Zake tatu alizitoa akasema hizi chukua dekia, hazina lolote. Zangu mbili nilikuwa nimezitoa, akazirudisha. Moja nilikuwa nimeisahau kabisa kwamba niliivaa siku tuliyokutana. Kiraka cha 20 kikakosekana, akaenda chumbani kwa mtoto akaja na kifulana cha binti yetu cha kwanza, cha njano, kidogo kama kitambaa cha mkononi. Hicho ndicho kitazungushiwa khanga.

Dondoo: kabla hujaenda kwa fundi

1. Kaeni wawili, mgawe mafungu matatu: ya kukata, ya kutunza nzima, ya kutupa. Kila mtu ana kura ya turufu kwa nguo zake, bila kutoa maelezo. Fulana ya marehemu, au ya mtu mliyeachana naye, isikatwe bila mwenyewe kutamka.

2. Fulana yenye doa lisilotoka au kitambaa kilichokwisha kabisa iondoe. Ishike juu dhidi ya mwanga. Ukiona uso wa mwenzio upande wa pili, haitadumu.

3. Fua zote, na khanga za bitana pia. Khanga mpya huchuja rangi na kurudi. Hutaki nyekundu yake ihamie kwenye fulana nyeupe.

4. Piga pasi kwa ndani. Maandishi ya plastiki yakiguswa na pasi moto yanayeyuka. Tanguliza kitambaa cha pamba juu yake, bonyeza, usiburute.

5. Zipange kitandani kama mnavyotaka zikae, mtenganishe rangi zinazofanana. Bandika namba kwa karatasi na pini, 1 mpaka 20, kisha piga picha kwa simu mumtumie fundi. Kumbukumbu ya maneno haitoshi.

6. Mpe fundi fulana moja ya kuharibu ajaribie. Akishona ikatoka na mawimbi, ni bora ujue hapo.

7. Mwambie apige bandi tabaka zote kabla ya mshono wa mwisho, na ashikize kila kona mraba unapokutana na mwingine. Bila hivyo bitana itahama ukifua.

8. Bei, malipo ya awali na siku ya kuchukua viandikwe. Mafundi wetu tunawapenda, lakini "njoo kesho" yao nayo tunaijua.

9. Likishakuwa tayari, fua kwa maji baridi, anika kivulini likiwa limegeuzwa ndani nje.

Tulipofikia

Wiki iliyopita tulikwenda Sinza wote wawili, mume wangu amebeba mfuko. Fundi alihesabu viraka, akaangalia namba, akauliza lile swali lake tena, safari hii akimtazama yeye. Mume wangu akajibu, "Tunajua wote, mzee." Ndipo mzee akavaa miwani yake, akachukua mkasi.

Ametuambia tukachukue Jumamosi. Ipi, hakusema.

Kwa hiyo wikiendi hii, mpenzi msomaji, lishusheni lile begi. Hata kama hamtashona chochote, mwagieni kila kitu kitandani, na kila mmoja amuulize mwenzie swali moja juu ya kila fulana: hii uliipata wapi? Andaa chai. Mtachelewa kulala.